Silinda Zilizoelea

Katika AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, amri ya kutoa umbo moja kwenye jingine haina haraka. Kwanza inakuuliza: kipi kinakatwa? Unakichagua, unabonyeza Enta, ndipo inauliza la pili: unakikata kwa kipi? Wanaoanza kujifunza huona ni usumbufu, maana amri ya kuunganisha haina maswali hayo. Unayazoa maumbo yote kwa pamoja, yanakuwa kitu kimoja, na nani alitangulia si hoja. Kutoa kunataka utaratibu. Pleti ukiitoa silinda, unapata pleti yenye tundu. Silinda ukiitoa pleti, unabaki na vipande vya silinda vilivyochomoza juu na chini, na pleti haipo tena.

Naipenda amri hii kwa lile swali lake la kwanza. Watu wengi wanapoamua kupunguza mambo maishani huanzia la pili. Kila Januari wana orodha ya kuacha: sigara, soda, kundi fulani la WhatsApp, shemeji fulani. Waulize wanataka kubaki na nini, watakutolea macho.

Kuunganisha, kutoa na kuchukua sehemu ya pamoja huitwa operesheni za Boole, kwa jina la George Boole, Mwingereza, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln. Hakusoma chuo kikuu, lakini mwaka 1849 alipewa uprofesa wa hesabu huko Cork, Ireland, na mwaka 1854 akachapisha kitabu chake juu ya kanuni za fikra. Alikuwa akishughulika na hoja za wanadamu, si vyuma. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla ya watafiti wa Rochester, Marekani, na wa Cambridge, Uingereza, kuanza kujenga maumbo mango kwenye kompyuta kwa hesabu za namna hiyo, miaka ya 1970. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaonicheka nikichanganya ramani za vyuma na mambo ya maisha. Hesabu zenyewe zilitoka kwa watu kabla hazijaenda kwenye mashine.

Chukua flanji ya bomba la inchi mbili, ile ya daraja la PN16 inayofungwa kwenye pampu za maji. Ni duara la chuma lenye kipenyo cha milimita 165. Katikati linatobolewa ili bomba liingie, na kwenye mzunguko wa milimita 125 hupangwa matundu manne ya bolti. Bolti ni za milimita 16, matundu ni ya 18. Zile milimita mbili za ziada si uzembe. Karakanani flanji mbili hazikutani sawasawa kama zilivyochorwa, na bolti lazima ipate pa kujisogeza. Kabla ya kutobolewa, chuma kile ni kizito zaidi na ni kizima zaidi, ila hakifungiki popote.

Kijana mmoja aliyekuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo alipewa kuichora. Akazipanga silinda zake nne, akatoa, kisha akaniita.

“Kaka, silinda zimepotea lakini matundu hakuna.”

Nikamwambia arudi hatua moja nyuma, halafu augeuze mchoro autazame kutoka ubavuni. Silinda zote nne zilikuwa zinaelea milimita 50 juu ya pleti. Kwa kutazama kutoka juu, kila kitu kilikuwa mahali pake, maana kutoka juu kimo hakionekani. Programu haikukosea. Ilifanya ilichoagizwa: silinda isiyogusana na pleti haiipunguzii pleti kitu, lakini yenyewe inafutwa.

Hilo limenikaa kichwani kuliko mengine yote ya fani hii. Jirani yangu, fundi cherehani, alijitoa kwenye kikoba cha mtaani kwetu akiamini michango ya kila wiki ndiyo inayommaliza. Miezi ikapita, mfuko ukabaki vile vile. Kilichokuwa kinammaliza ni nguo alizowashonea watu kwa mkopo, wengine mpaka leo wanapita njia ya nyuma wasimwone. Kikoba kilikwenda, pamoja na wanawake waliokuwa wakija kumsaidia kila penye msiba, na deni halikuguswa. Kwa kutazama kutoka juu, michango na ufukara wake vilikaa mahali pamoja.

Kuna jingine dogo. Silinda ya kukatia hupitilizwa kidogo pande zote mbili za pleti. Kwenye OpenSCAD, programu nyingine ya kuchorea, ukiikomesha sawasawa na uso wa pleti, mdomo wa tundu unaweza kuonekana kama umezibwa na utando usio na unene. Ni kama mtu anayejitoa kwenye kamati ya harusi lakini daftari la michango anabaki nalo. Simu zitaendelea kulia usiku kucha, na anayo haki ya kupigiwa.

Programu pia hazilingani katika kutunza kilichotolewa. FreeCAD hukihifadhi kwenye mti wa mchoro: silinda imefichwa tu, unaweza kuirudia hata baada ya mwaka, ukabadili kipenyo, na tundu likabadilika nayo. AutoCAD, kwa mipangilio yake ya kawaida, huimeza. Ukishafunga faili huna pa kuirudia. Maisha yana yote mawili. Kazini unaweza kuombwa urudi, lakini shamba la urithi likishauzwa halina mti wa mchoro. Kwa hiyo, wewe unayepanga kujitoa mahali mwezi huu, ugeuze kwanza mchoro uone kama kinachokatwa na cha kukatia vinagusana. Na ukiwa kwenye AutoCAD, tengeneza nakala ya faili kabla ya kutoa.