Vipimo vya Bibi Harusi na Lugha ya Kompyuta Niliyoichagua

Leo siwaletei mishono. Nimechoka kuulizwa na wateja, wakiwemo dada zetu wa Unguja wanaokuja huku Dodoma kipindi cha Bunge: "Fundi, hiyo programu yako ya vipimo umeinunua wapi?" Sijainunua. Nimeiandika mwenyewe. Lakini nikisema hivyo linafuata swali gumu zaidi: umeanzia wapi? Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwenye kuchagua, hata kabla ya kujifunza chochote.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Nashona abaya na nguo za harusi upande wa soko la Majengo. Serikali ilipohamia huku na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wateja waliongezeka. Treni ya SGR ilipoanza kufika mwaka 2024, bibi harusi wa Dar akawa anapanda asubuhi, anapimwa, anarudi kwao siku hiyo hiyo. Daftari moja la vipimo likawa manne.

Sasa fikiria daftari hilo lina nini ndani. Kifua, kiuno na nyonga za wanawake mamia, na majina yao na namba zao za simu. Kuna namba humo ambazo hata mume wa mtu hazijui. Kijana mmoja alikuja kuniuzia mfumo: nilipe kila mwezi, taarifa zote zikae kwenye kompyuta anazozisimamia yeye, na niweke picha ya kila mteja akijaribu nguo. Nikamuuliza, nani mwingine anaziona? Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mama." Jibu hilo halikunitosha. Mwanamke ananivulia buibui kwa sababu kuna pazia na kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzake. Ile ni amana. Siwezi kuilinda dukani halafu nikaimwaga kwa mtu nisiyemjua. Na si suala la dini peke yake. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nyie mnaoolewa, kabla hamjauliza bei ya mshono, muulizeni fundi vipimo na picha zenu zinalala wapi. Fundi mzuri hatakasirika.

Basi nikaamua kujifunza. Mtoto wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, nikamuuliza yeye na wenzake lugha ipi nianze nayo. Mmoja akasema Java, mwingine JavaScript, mwingine akasema Python, na wote walikuwa na uhakika. Nilichogundua ni kwamba walikuwa wananijibu lugha ipi inaleta ajira. Mimi ajira ninayo. Nilitaka lugha itakayofanya kazi iliyoko mezani kwangu.

Kwa Java, ili kompyuta ionyeshe neno moja tu, masomo mengi yanakuanzishia mistari kadhaa ambayo unaambiwa utaielewa baadaye. Mimi siwezi kukata kitambaa kwa mkasi nitakaouelewa baadaye. JavaScript ni nzuri na inafanya kazi ndani ya kivinjari ambacho kila mtu anacho, na siku nikitaka kurasa za kuonyesha mishono yangu nitaifuata. Scratch, iliyotoka MIT kule Marekani mwaka 2007, ni ya kupanga vipande vya rangi bila kuandika. Nimempa mwanangu wa darasa la tatu, anachezesha paka. Kwa mtoto, sina cha kuongeza.

Python ndiyo niliyoichagua. Mholanzi aitwaye Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na ni ya bure. Sababu yangu ni moja na inaweza kuwachekesha: maneno yake ya lazima ni 35 tu, yaliyobaki unayaita utakavyo. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini maneno 35 hayamshindi mtu aliyekariri majina ya vitambaa vyote vya Kariakoo. Vitu vyangu nikaviita kifua, kiuno, nyonga, urefu. Hebu tazama, hii ni abaya ya mkato wa kipepeo kwenye kitambaa cha upana wa inchi 60, ambapo mikono inatoka humo humo kwenye mwili:

urefu = 56
inchi = urefu * 2 + 4
mita = inchi * 2.54 / 100
print(mita)

Mstari wa kwanza ni urefu wa abaya kwa inchi. Wa pili unachukua mbele na nyuma, unaongeza inchi nne za pindo na mishono. Wa tatu unageuza inchi kuwa mita. Wa nne unasema nionyeshe. Jibu linakuja mita 2 na sentimita 95 hivi. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaelewa, kwa sababu hesabu hii anaifanya kichwani kila siku.

Faida yake utaiona kwenye wapambe. Chukua wapambe sita wenye urefu wa 52, 54, 54, 56, 58 na 60. Desturi yetu mafundi ni kusema leteni mita tatu na nusu kila mmoja, jumla mita 21. Programu inajumlisha kila mmoja kwa urefu wake na kuleta mita 17 na sentimita 58. Hata ukiongeza nusu mita ya tahadhari, bado familia ya harusi inabaki na pesa ya karibu mita tatu, na kwenye hariri au lesi hizo ni pesa za kuonekana.

Sasa kuhusu kifaa cha kuandikia, maana lugha na kifaa ni vitu viwili. Vijana wengi wanatumia VS Code ya Microsoft. Niliifungua nikaona vitufe kama cherehani ya kiwandani, na mimi nilikuwa bado najifunza kutunga uzi. Nikapewa Thonny, nayo ndiyo nawapendekezea. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Ukiipakua, Python inakuja humo humo. Huhangaiki kutafuta kimoja kisha kingine. Ukisahau kufunga mabano inakuwekea rangi. Na kuna namna ya kuiendesha hatua kwa hatua, ukaona namba inavyobadilika mstari kwa mstari, kama mwalimu anayekata taratibu ili umwone. Ukishaiweka haihitaji intaneti. Kwangu hilo ndilo la msingi: faili linabaki kwenye laptopu yangu kuukuu, yenye neno la siri. Humo wateja wana namba tu, majina yamebaki kwenye daftari ndani ya kabati lenye kufuli. Nakala ipo kwenye flashi.

Asiye na laptopu aweke Pydroid 3 kwenye simu ya Android. Inatosha kujifunzia, ila ina matangazo na kibodi ya simu inachosha vidole.

Jambo moja la kuwaokoa: masomo mengi ya zamani yanayozunguka kwenye simu ni ya Python 2, iliyoachwa kuhudumiwa tangu tarehe 1 Januari 2020. Ukiona neno print halina mabano mbele yake, funga hilo somo utafute jingine, la sivyo utafikiri wewe ndiye usiyeelewa.

Na kama unachotaka ni hesabu za mauzo tu, nakushauri usijifunze lugha yoyote. Excel inakutosha, rudi kwenye biashara yako.

Shangazi yangu aliniona na laptopu baada ya Alfajiri, muda ninaojifunza kabla ya kufungua duka, akauliza mambo haya ya Kizungu yananihusu nini. Nikamweleza kuhusu Al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun. Jina lake ndilo Wazungu walilipindisha likawa algorithm, neno wanaloitia orodha ya hatua ambazo kompyuta hufuata. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu kubwa ya hesabu za kugawa mirathi. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama programu yangu inaweza kugawa mirathi. Nikamwambia hiyo tumwachie kadhi.

Kwa sasa nahangaika na tarehe. Nataka programu ihesabu nyuma kutoka siku ya nikaha iniambie lini nikate, lini nimwite bibi harusi ajaribu, lini nitie shanga. Python inajua kuhesabu siku vizuri kabisa. Tatizo ni wateja wangu: namuuliza harusi lini, ananijibu "mfungo pili, mwezi ukiandama." Hapo nimeweka nafasi ya siku mbili mbele na nyuma, na namba ya simu ya mama yake kwenye daftari.