Unamwaga DAP kwa udongo usioujua

Wasee wa Gesima mlio Nairobi, najua mnaona mbolea ni stori ya wazee. Lakini ile M-Pesa unatuma nyumbani kila msimu wa kupanda, "ya mbolea", si ni jasho lako?

Kwetu mbolea maana yake ni DAP. Magokoro amepandia hiyo tangu mamangu akiwa shule ya msingi. Serikali ilipoteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 2,500 mwaka wa 2023, tulishangilia wote. Hakuna aliyeuliza: mfuko wa nini, kwa udongo gani?

Shida ni hii. DAP ina amonia, na bakteria wa udongo wakiigeuza inaacha asidi. Na huku kwetu mvua haina mchezo, inaosha kalisiamu, kwa hivyo udongo una asidi hata kabla hujafungua mfuko. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inaanza kuumiza mizizi ya mahindi, na fosforasi inanaswa na udongo. Yaani umeinunua, umeizika, na mmea hauipati. Majani chai hayajali, yanapenda asidi. Ndio maana chai ya jirani inang'aa na mahindi yako yana majani ya zambarau.

Ramani zipo. iSDAsoil inaonyesha pH na virutubisho vya Afrika kwa vipande vya mita 30 kwa 30, bure, kwa simu yako. Nimeizuum hadi nyumbani, tamu sana. Lakini si unajua mashamba yetu? Utepe mmoja kutoka barabarani hadi mtoni, umegawiwa ndugu wanne. Kipande kimoja cha ramani kinameza chai ya Baba Mdogo, napia ya Magokoro na pale ng'ombe wanalala. Itakuambia mtaa una asidi. Haitakuambia nani anunue chokaa.

Kwa hivyo Desemba mimi na binamu tulichukua jembe na ndoo. Sehemu 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, mbali na zizi, changanya, peleka nusu kilo maabara. Magokoro alicheka: "Hata udongo siku hizi unapimwa damu?"

Jibu: pH 4.9.

Baba Mdogo anashikilia kwamba chokaa ni ya kupaka ukuta. Sawa. Januari tuliweka chokaa ya kilimo nusu ya shamba la mahindi, nusu nyingine ameiachiwa yeye na DAP yake. Tunavuna Agosti.