Tuandike Muda wa Kweli

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa mita 100, nasi tuliimaliza tukiwa wa mwisho, mbele ya macho ya watu wote.

Walimu wenzetu watatuwia radhi tukileta habari za bwawa la kuogelea katika kurasa zilizozoea ngeli na mashairi. Sisi tuandikao haya tulijifunza kuogelea hapa Kampala tukiwa tumekwisha kupita miaka 40, na mafunzo tuliyoyapata majini hayakuwa ya mikono na miguu peke yake.

Mashindano ya waogeleaji watu wazima, wasioogelea kwa ujira, si jambo geni duniani. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliyetaka watu wazima wapate sababu ya kufanya mazoezi. Mwaka 1970 yalifanyika mashindano ya kwanza ya taifa hilo mjini Amarillo, Texas; na mwaka 1986 yakafanyika ya dunia mjini Tokyo. Washiriki hutuzwa kwa rika, miaka mitano mitano. Lakini majini aghalabu huingia pamoja, wazee kwa vijana, kwa kufuata kasi yao. Na mpangaji huijua wapi kasi hiyo? Huisoma katika fomu aliyoijaza mwogeleaji mwenyewe. Hapo ndipo penye mtihani wa uungwana.

Siku moja tulijiandikisha kwa mita 100 za mtindo huru. Muda wetu wa kweli, uliopimwa mazoezini, ulikuwa dakika 1 na sekunde 52. Kalamu ilipofika mahali pa kuandika muda, tuliona haya. Tulijiuliza: mwalimu mzima aogelee pamoja na wanaoanza? Tukaandika dakika 1 na sekunde 35. Tulijidanganya kwamba hayo si uwongo bali ni matumaini.

Tulikuwa washiriki 18, na bwawa lilikuwa na njia 6. Basi yakapangwa makundi matatu, wa polepole kwanza na wenye kasi mwisho. Katika bwawa kama hilo mwenye kasi kuliko wenzake katika kundi hupewa njia ya 3, anayemfuata njia ya 4, kisha ya 2, ya 5, ya 1, na ya 6. Maana yake ni kwamba wanaokaribiana kwa kasi huogelea ubavu kwa ubavu, kila mmoja akimvuta mwenzake. Sekunde zetu 17 za uwongo zilituingiza katika kundi la mwisho, njia ya 6. Lakini kundi la watu sita halipokei wa saba. Palipo na aliyeingia pasipo haki, hapana budi pawe na aliyetolewa.

Aliyetolewa alikuwa mzee mmoja, muuguzi mstaafu, aliyeandika kwa uaminifu dakika 1 na sekunde 38. Mwaka mzima alikuwa akitafuta kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 36, na sisi tulilijua hilo, kwani tulikuwa tukifanya mazoezi pamoja. Akawekwa katikati ya kundi la pili, ambamo hapakuwa na wa kumkaribia. Aliwaacha wenzake nyuma tangu mita 50 za kwanza, akamaliza peke yake, na akaikosa shabaha yake kwa chini ya sekunde moja.

Kisha ikafika zamu yetu. Tulipogeuka kwa mara ya mwisho, wenzetu watano walikuwa wamekwisha kushika ukuta. Wapima muda walisimama wakitungoja. Tulipotoka majini mzee alitupa taulo, akasema kwa upole, “Mwalimu, leo nimeshindana na saa tu. Sikuwa na mtu.” Hakujua sababu. Tulimwambia siku hiyo hiyo, kwa uchungu mkubwa kuliko wa mapafu yetu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi mara nyingine andika ulicho nacho.”

Wako pia wafanyao kinyume chake: huandika muda wa polepole kuliko uwezo wao, wapate kuongoza kundi la wanyonge na kupigiwa makofi. Hao nao huwanyima wengine mshindani wa haki. Kwa hakika makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Na ile haya yetu ilikuwa na msingi gani? Mwaka 2000, katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amepewa nafasi bila ya kutimiza muda uliotakiwa, na hakuficha lolote. Watazamaji walimshangilia hadi ukutani. Muda wake ulikaribiana mno na ule tuliouonea haya sisi!

Katika mashindano yaliyofuata tuliandika 1:52. Tulipangwa kando ya bibi mwenye wajukuu, tukakimbizana naye mita zote 100, naye akatushinda kwa urefu wa mkono. Hatujapata kufurahi majini kama siku ile.

Walimu wenzetu, kila mwanzo wa muhula watu wazima huja kwetu kujifunza Kiswahili, nasi huwauliza wanajua kiasi gani. Mmoja hujikweza, mwingine hujishusha, na darasa zima huyumba. Tangu siku ile hatuwacheki. Huwaeleza kwamba jibu lao si lao peke yao. Jirani yao darasani anakitegemea kipimo chao.