Mzio, Mwiko na Goti la Chuma

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokita mizizi katika Kiswahili, mzio huonekana kuwa mojawapo ya zile zilizofana. Ni neno fupi, lina sura ya Kibantu, na linatuepusha na mkopo wa aleji. Hata hivyo, neno hili halikuzaliwa hospitalini. Kabla ya kuwa istilahi, mzio ulikuwa chakula ambacho mtu hujiepusha nacho, ama kwa kuwa humdhuru, ama kwa kuwa ni mwiko kwake. Aleji, kwa upande wake, iliundwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Humo hamna mwiko. Katika mzio umo, na mgonjwa anaweza kuusikia.

Shangazi yangu anaishi Osiri, huko Nyatike katika kaunti ya Migori, penye migodi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aliponda mawe kwa miaka mingi hata gegedu za magoti yake zikalika, ndipo akawekewa goti bandia mguu wa kulia. Kabla ya upasuaji aliulizwa kwa Kiswahili, "Mama, una mzio wowote?" Yeye, ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo, alilipokea neno hilo kwa maana ya kwer, yaani mwiko. Akajibu, "Hapana, mimi hula kila kitu." Lilikuwa jibu la kweli kwa swali alilolisikia.

Miezi kadhaa baadaye goti lilivimba, na ngozi iliyolifunika ikatoka upele uliowasha. Daktari akataja kwamba huenda ana mzio wa metali. Neno hilo lilipofika nyumbani lilikuwa limekwisha kugeuka kwer. Na kwa Wajaluo, avunjaye kwer huandamwa na chira, maradhi yanayomdhoofisha mtu hadi kufa. Majirani wakaanza kunong'ona. Shangazi akaacha kueleza maumivu yake, akawa anauliza jambo moja tu: "Mwanangu, nimevunja mwiko gani?" Alitaka goti ling'olewe.

Ilinibidi kwanza nielewe mimi mwenyewe. Goti bandia aghalabu hutengenezwa kwa aloi ya kobalti na kromiamu yenye nikeli kidogo, pamoja na titaniamu na plastiki ngumu. Metali hiyo huachilia chembe ndogo mno mwilini, zikajishikiza kwenye protini, na kwa baadhi ya watu seli za kinga huziona kama adui. Athari hiyo hukawia. Ndiyo maana kipimo cha ngozi hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha husomwa tena katika siku zinazofuata. Lakini ngozi si goti. Wengi ambao ngozi zao huikataa nikeli huishi na viungo vya chuma bila taabu. Kwa hiyo madaktari hutafuta kwanza maambukizi au kulegea kwa kiungo. Mzio hushukiwa baada ya hayo kuondolewa.

Mfano wa kumweleza shangazi niliupata papo hapo Osiri. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu ni sumu: humdhuru yeyote, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyoangamiza. Nikeli haiko hivyo. Nikamwambia kwa Dholuo, bila kulitaja neno kwer, "Shangazi, zebaki ni adui wa kila mtu. Chuma hiki huenda kimekosana na mwili wako tu. Hakuna sheria uliyoivunja." Akanyamaza, kisha akashika sikio. "Kumbe ni kama zile hereni?"

Tangu usichana wake, hereni za bei nafuu humwasha masikio hadi yakatoa maji. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga; cha shangazi kilikuwa masikioni, na hakuna aliyekiulizia.

Aliporudi kliniki alisimulia yote. Vipimo havikuonyesha maambukizi wala kulegea. Ngozi ya mgongo iliikataa nikeli. Daktari hakulihukumu goti kwa ushahidi huo pekee. Alimpa dawa, akaamua kumfuatilia. Lakini goti la kushoto nalo linasubiri upasuaji, na zipo aina zilizofunikwa kwa tabaka la titaniamu na nitrojeni. Safari hii faili yake imeandikwa habari za hereni.

Sipendekezi tuutupe mzio. Istilahi hiyo yatufaa vitabuni na darasani. Ninalosema ni kwamba kazi ya mwanaistilahi haikomi neno linapoingia kamusini. Lazima alifuate hadi kitandani kwa mgonjwa, asikie linavyopokelewa. Kwenye fomu ya hospitali, swali hili lingetosha: "Je, kuna hereni, saa, mkanda, dawa au chakula kilichowahi kukuwasha au kukuvimbisha?" Shangazi angelijibu kabla ya kisu kumgusa.