Mwana wa Mvuvi Ziwani Mendota

Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi ni mwana wa mvuvi wa Vanga, mji mdogo ulioko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Hata hivyo, hadi nilipotimiza umri wa miaka 27 sikuwa nimesana wala kuvukuta. Sikujua hata kufunga ndoana kwenye mshipi. Nilichojua ni kuandika juu ya bahari. Pendekezo langu la tasnifu ya uzamili lilihusu taswira ya bahari katika ushairi wa Kiswahili, nami niliweza kuzungumza saa nzima juu ya chombo, tanga na mawimbi kama ishara, ilhali sikujua baba yangu huketi upande gani wa ngalawa avuapo.

Sikulaumu mtu kwa ujinga huo. Baba mwenyewe ndiye aliyenifukuza pwani. Kila nilipomfuata ufuoni nikiwa mdogo aliniambia, "Rudi ukasome. Bahari ina wenyewe." Nikarudi, nikasoma, na masomo yakanifikisha mbali kuliko tulivyotarajia sote wawili. Mnamo Agosti 2022 nilipata nafasi ya kwenda kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja mjini Madison, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kwa muda wa miezi tisa.

Mji wa Madison umejengwa kandokando ya maziwa. Kubwa kuliko yote ni Mendota, lenye eneo la takriban kilomita 40 za mraba na kina kifikacho mita 25 hivi. Usidhani, msomaji mpenzi, kwamba ni ziwa la porini. Upande mmoja yamo majengo ya chuo. Pande nyingine zimezungukwa na vitongoji vya watu wenye uwezo, kila nyumba na gati lake dogo na mashua yake. Ndani ya maji hayo, kwenye miamba na kokoto, ndimo anamoishi samaki aliyenifunza somo ninalotaka kulisimulia hapa. Ni samaki wa rangi ya shaba iliyofifia, mwenye milia ya wima ubavuni na macho mekundu. Jina lake la Kiingereza lina maana ya besi mwenye mdomo mdogo.

Siku moja ya Septemba, mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa jimbo hilo, alinialika tukavue kwenye rasi nyembamba iitwayo Picnic Point. Kwa kuwa kila mtu aliyetimiza miaka 16 hulazimika kuwa na leseni, nilikata yangu kwanza. Tulipofika, kijana yule alinikabidhi mshipi na ndoana, akasema kwa Kiswahili chake cha mwaka wa pili, "Mwalimu, wewe umetoka pwani. Tafadhali nifungie." Nilizungusha mshipi mara mbili, mara tatu, kila nilipouvuta, fundo lilifunguka. Akanitazama, kisha kwa adabu akaichukua ndoana na kuifunga mwenyewe. Hakusema neno. Nami ningependelea aseme.

Hatimaye alimpata samaki. Alipokuwa akimwonyesha juu ya maji, aliniuliza, "Anaitwaje kwa Kiswahili?" Hapo nilijiona niko katika uwanja wangu. Jumatatu iliyofuata nililiandika ubaoni jina nililolibuni: besi mdomo-mdogo. Darasa zima likalinakili. Niliridhika. Je, si hivyo tulivyofundishwa katika somo la uundaji wa istilahi, kwamba tafsiri ya moja kwa moja ni mojawapo ya njia zinazokubalika?

Jioni hiyo nilimpigia baba simu. Kwangu ilikuwa saa tatu usiku, kwake alfajiri. Baada ya kumwamkia nilimweleza habari za uvuvi wangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kazi yake.

"Mdomo mdogo kama wa tafi?" aliuliza.

"Jina ndivyo lisemavyo, Baba."

"Basi ndoana kubwa hivyo ya nini? Mwenye mdomo mdogo hula mwani. Mtegee dema."

"Huyu hali mwani. Hula kamba na samaki wadogo."

"Hukaa wapi?"

"Kwenye mawe."

"Hukimbiza chakula ama hukivizia?"

"Hujificha, kisha huvamia."

Baba alicheka. "Huyo ni jamaa ya chewa. Aliyemwita mdomo mdogo hakumtazama kinywani."

Nilikwenda kumtazama kinywani. Kweli, chambo bandia chenye urefu wa kidole kilikuwa kimeingia chote. Udogo wa mdomo wake ni wa kulinganishwa tu: yuko ndugu yake ambaye taya lake hupita nyuma ya jicho, na huyu la kwake haliliruki jicho. Ndugu huyo si mgeni kwetu, maana aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mnamo 1929. Mzungumzaji wa Kiingereza huko Wisconsin, aliyewazoea wote wawili, hulielewa jina hilo bila kupotoka. Lakini nililitwaa jina peke yake, nikauacha ulinganisho uliolizaa, kisha nikalipeleka Vanga, mahali ambapo mdomo mdogo una maana yake: tafi, mwani na dema. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kwa kila neno, na ingemwelekeza mvuvi kwenye chombo kisichofaa.

Makosa ya aina hii hayakuanza nami. Nilipozama maktabani niligundua kwamba hata jina la kisayansi la samaki huyu, Micropterus dolomieu, lina kasoro ya kuzaliwa. Mwaka 1802 mtaalamu wa Kifaransa, Lacépède, alimweleza kutokana na samaki mfu aliyefikishwa kwake Ufaransa. Pezi la mgongoni la samaki yule lilikuwa limeraruka, na kile kipande cha nyuma kikaonekana kama pezi dogo lililojitegemea. Ndipo akaiita jenasi hiyo kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya pezi dogo. Jeraha la samaki mmoja likawa jina la ukoo mzima, na jina hilo lingali linatumika. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona nimesimama mbele ya ubao wangu, chaki mkononi.

Majira ya baridi yaliingia, ziwa likaganda. Watu walitoboa barafu na kuketi juu yake wakivua. Mimi niliketi chumbani na daftari, na kila Ijumaa saa tatu usiku, ambayo kwa baba ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, nilimpigia. Nilimuuliza juu ya chubwi na chelezo, bamvua na maji mafu, na namna mvuvi ajuavyo kwa kidole tu kama chambo kimeguswa na samaki au na mkondo. Alinijibu bila haraka. Maneno mengine nilikuwa nimeyakuta katika mashairi na kuyafasiri kwa kubahatisha. Sasa nilikuwa nikiyasikia yakiwa kazini. Daftari lilijaa. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mvuvi apatikane nyumbani kila alfajiri katika msimu wa kaskazi, wakati ambapo bahari ya kwetu hutulia na vyombo hutoka.

Mei ilipofika, maji yalipata joto na wiki zangu za mwisho zikawadia. Siku moja karibu na ufuo niliona duara jeupe chini ya maji, mahali palipofagiliwa kokoto zikabaki safi. Juu yake alisimama samaki mmoja, akipepea mapezi. Nilirusha chambo, akakivamia papo hapo. Kwa mara ya kwanza nilimtoa besi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa fundo nililolifunga mwenyewe. Nilimwinua nikapigwa picha, kisha nikamrudisha majini kama ilivyo desturi ya wavuvi wengi wa huko. Yule mwanafunzi wangu hakufurahi. Alinionyesha lile duara kwa kidole. Samaki wadogo walikuwa wameshalivamia, wakidonoa.

Alinieleza kwamba jike hutaga na kwenda zake. Dume ndiye abakiye kulinda mayai, kisha vifaranga, kwa wiki kadhaa, na wakati huo hula kidogo mno. Hakukivamia chambo changu kwa njaa bali kwa kukifukuza. Tulimwona akirudi kwenye duara lake na kuwatawanya wale wadogo. Ni mayai mangapi yaliyokuwa yamesalia, hatukuweza kuona.

Usiku huo nilimweleza baba. Alikaa kimya kwa muda, nikadhani simu imekatika.

"Ukimtoa, mayai analinda nani?"

"Hakuna, Baba."

"Na hukumla?"

"Sikumla."

"Basi ulimtoa kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Kisha akasema, "Na jina nililokupa si lake. Chewa halei. Hilo la kulea sikulijua. Ningelijua nisingesema chewa."

Nilistaajabu. Mimi, msomi, nilikuwa nimelitetea jina langu kwa siku kadhaa kabla ya kulifuta moyoni. Baba yangu alilifuta la kwake kwa pumzi moja. Nikamwambia, "Leo ukienda baharini, waulize wenzako ni samaki gani wa kwetu alindaye mayai."

"Siendi, mwanangu. Ngalawa niliiuza."

"Lini?"

"Mwaka ule ulipojiandikisha uzamili."

Nilikumbuka karo ile. Aliponipa alisema kuwa zamu yake katika chama cha kuweka akiba ilikuwa imefika. Nilipomkumbusha maneno hayo, alijibu kwa sauti ileile ya kunieleza bamvua: "Ningekwambia, ungeenda?"

Katika kipindi changu cha mwisho niliwaomba wanafunzi walikate jina besi mdomo-mdogo katika madaftari yao. Niliandika besi tu, na chini yake tukaandika pamoja tunayoyajua: hukaa mweni mwa mawe, huvizia, dume hulea. Yumkini siku moja patatokea jamii ya Waswahili wa kuishi naye kiasi cha kumpa jina. Kwa sasa neno la mkopo linakiri kwamba ni la mkopo, na sioni aibu katika hilo. Tunaosoma Kiswahili vyuoni tuna haraka ya kuunda istilahi, na mara nyingi tunaziunda kutokana na neno la kigeni pasipo kukitazama kitu chenyewe, wala kumuuliza mtu ambaye riziki yake hutegemea kukitambua. Kabla ya kufungua kamusi, tungemuuliza mtu huyo maswali ya baba: hukaa wapi, hula nini, hulea?

Nilirejea nyumbani Juni 2023. Tasnifu yangu imebadilika. Sura ya pili sasa inasimama juu ya lile daftari. Ngalawa sijaweza kuinunua. Baba hutoka siku chache kwa wiki na chombo cha ami yangu, na wakati mwingine nami humo. Safari ya kwanza alinipa ndoana na mshipi bila kusema kitu. Nilifunga fundo la Wisconsin. Alilitia menoni, akalivuta, akaligeuza mwangani.

"La tafi litafaa," alisema. "La chewa bado."