Viti Viwili Kwenye Njia ya Mlimani

Nilikokulia mimi, Tanga, gari la viti viwili lilikuwa pikapu. Gari lilipimwa kwa mzigo: linabeba magunia mangapi ya machungwa kutoka Muheza, watu wangapi wanapanda nyuma, na springi zake zitastahimili vipi mashimo ya njia ya Pangani. Kwa hiyo shemeji yangu aliponionyesha Mazda MX-5 nyekundu aliyoinunua kwa mtu hapa Sheffield, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilimuuliza watoto atawaweka wapi. Hakunijibu. Alinipa ufunguo. “Endesha wewe, shemeji. Tupite Snake.”

Snake Pass ni barabara inayotoka Sheffield kwenda Glossop ikikatiza milima ya Pennines. Kona zake zinafuatana, ukuta wa mawe upande huu, bonde upande ule. Nilishaipita mara nyingi kwa sedani yangu na sikuwa na kumbukumbu ya kona hata moja. Siku hiyo niliijua kila moja. Umekaa chini mno, lami iko karibu na kiwiko. Mti wa gia ni mfupi. Unausogeza kwa kifundo cha mkono tu, na kila gia inaingia kwa mguso unaousikia kiganjani. Usukani unakuletea habari za tairi: hapa pana maji, hapa pana kokoto, hapa tairi za mbele zinaanza kuteleza, punguza. Ukiachia mafuta katikati ya kona, pua ya gari inaingia ndani. Ukikanyaga taratibu, gari linatulia na kutoka kwenye kona likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Tulikuwa kwenye maili 40 kwa saa, mwendo wa mabasi, na moyo ulikuwa ukinidunda.

Nilipofungua boneti nilishangaa kukuta injini ya cc 1600 tu, nguvu zake hazifiki farasi 120. Nguvu haikuwa hoja. Gari zima halikufika tani moja, na uzito huo umegawanywa karibu sawasawa mbele na nyuma. Injini imesogezwa nyuma kidogo, na giaboksi imeunganishwa na difu kwa boriti ya alumini, ndiyo maana ukikanyaga mafuta gari linaitikia papo hapo bila kujivuta. Wahandisi wake walijiwekea lengo la mpandaji na farasi kuwa mwili mmoja. Naamini walilifikia.

Baadaye nilitafuta habari za asili yake, na hapo ndipo nilipoona jinsi magari ya namna hii yalivyokaribia kutoweka. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Uingereza walizipenda MG za viti viwili, nyingine wakarudi nazo kwao. Kisha ikaja MGB, iliyotengenezwa tangu 1962 hadi 1980, zaidi ya magari nusu milioni. Lakini ilizeeka bila kurithiwa. Mwaka 1974, ili kukidhi sheria za usalama za Marekani, ikavishwa bampa nene nyeusi na kuinuliwa kutoka chini, na mtu yeyote aliyeendesha za mwanzo na za mwisho atakwambia kilichopotea kwenye kona. Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980, na Triumph Spitfire nayo ikakoma mwaka huohuo.

Waliofufua magari ya namna hii walikuwa Wajapani wa Hiroshima, wakichochewa na Mmarekani. Mwandishi wa habari za magari, Bob Hall, aliulizwa na Kenichi Yamamoto, mhandisi mkuu wa Mazda aliyekuja kuwa rais wa kampuni, watengeneze gari gani. Hall akajibu: gari jepesi la wazi la Kiingereza, ila lisilovuja mafuta na linalowaka kila asubuhi. Hayo si maneno yake halisi, ila ndiyo maana yake. Kazi ikaongozwa na Toshihiko Hirai, Tom Matano akiwa miongoni mwa wabunifu wa umbo. Gari hilo, MX-5, lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago Februari 1989, bei ikianzia dola 13,800. Mfanyakazi wa mshahara wa kawaida aliweza kulifikiria. Hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa kuliko umbo na injini, kwa sababu raha ya kuendesha ilikuwa imeanza kuwa mali ya wenye Porsche.

Wengine walifuata: Fiat Barchetta, MGF, BMW Z3. Zote zimeshaachwa. MX-5 ilifikisha gari la milioni moja Aprili 2016.

Mwaka mmoja baada ya siku ile ya Snake nilinunua la kwangu, la kizazi kilekile cha kwanza, lenye taa za kuinuka na turubai jeusi. Lilinifundisha kazi za mikono. Kabla ya kukunja turubai unafungua zipu ya dirisha la nyuma la plastiki na kulilaza, la sivyo plastiki inapasuka. Ndipo unafungua vibanio viwili juu ya kioo cha mbele. Nyuma ya viti, kila upande, kuna tundu la kutolea maji ya mvua. Majani yakiliziba, maji yanaingia kwenye ubavu wa chini wa bodi na kutu inakula kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu inamalizia. Magari mengi ya rika lake yamekufa hivyo, injini ikiwa bado nzima.

Vizazi vilivyofuata niliviendesha vyote. Cha 1998 kiliacha taa za kuinuka na kuleta dirisha la kioo. Cha 2005 kilikua na kunenepa. Kilikuwa na nguvu zaidi na starehe zaidi, nami nilikiendesha nusu saa nikakirudisha bila hamu. Nilidhani yale ya MGB yanarudi tena. Lakini mwaka 2015 wakatoa gari fupi kuliko la 1989, injini ya cc 1500, uzito ukarudi kwenye tani moja hivi, pamoja na mifuko ya hewa na vyuma vyote vinavyotakiwa na sheria za leo. Sijaona kampuni nyingine ya magari iliyothubutu kurudi nyuma namna hiyo.

Bei nazo zimegeuka. Gari la kizazi cha kwanza nililolinunua kwa pesa ndogo, leo likiwa safi linatafutwa na wakusanyaji wa magari ya zamani, na Mazda yenyewe ilitangaza mwaka 2017 huduma ya kuyakarabati magari hayo kule Japani, ikitengeneza upya vipuri mpaka turubai. Nafurahi yanahifadhiwa, lakini naumia yanapofunikwa gereji kama dhahabu.

Mwezi uliopita kijana wa Mombasa tunayefanya naye kazi hospitalini alinifuata na picha za MX-5 kwenye simu. “Mzee, nimepata mbili. Moja imetembea kidogo, ni otomatiki. Nyingine imetembea sana, gia za mkono. Nichukue ipi?” Nikamwambia achukue ya gia za mkono, lakini kwanza apige magoti aguse ubavu wa chini mbele ya magurudumu ya nyuma, kisha amwage maji kwenye yale matundu aone kama yanatoka chini. Yakitoka, amwombe mwenye gari walijaribu kwenye njia ya kona, wasiende motowei.