Mchezo Mmoja, Watoto Wawili

Wanangu hucheza The Sims kwenye kompyuta ya mjomba wao, hapa Buyenzi, Bujumbura. Ni mchezo wa kuendesha maisha ya watu: unawajengea nyumba, wanapika, wanakwenda kazini, wanazungumza na majirani.

Binti yangu, msemaji tangu utotoni, hajali nyumba. Yeye ni kualika wageni tu. Kaka yake hujenga, hupaka rangi, kisha huiacha tupu. Siku moja nikamgombeza, "Mbona humwingizi mtu ndani?" Akajibu, "Hii ni yetu, mama. Hakuna wa kututoa."

Nilinyamaza. Tumehama nyumba za kupanga mara nne. Dada yake alikuwa mdogo, hakumbuki. Yeye anakumbuka.

Baadaye nilisoma kwamba Will Wright, aliyebuni mchezo huo uliotoka mwaka 2000, nyumba yake iliteketea katika moto wa Oakland, Marekani, mwaka 1991. Kuanza upya kununua vyombo vya nyumbani kulichangia kumpa wazo hilo.

Wazazi wenzangu, kabla ya kukemea, tukae kando ya mtoto tumwulize anajenga nini. Mimi nimeshaonyeshwa chumba changu.